Sugu za Ngiri

Ngiri huzaliwa na sugu magotini. Hili sikulitunga: kitoto chake, kabla hajakanyaga ardhi, tayari ana ngozi ngumu kwenye magoti ya mbele, maana ukoo mzima hula na kuchimba ukiwa umepiga magoti. Sasa kando ya mto Ruaha Mkuu aliishi Ngiri mmoja ambaye sugu zake zilikuwa zimeanza kulainika, naye akatamba nazo kama mtu aliyepandishwa cheo.

Siku hizo si za kale. Mto ulikuwa umeshazoea kukauka kila kiangazi, mazoea uliyoyaanza 1993, na wanyama walifanya vikao virefu vya kuwalaumu wakulima wa mpunga wa Usangu, wanaoyachepusha maji kule juu. Lawama zilikuwa na ukweli mwingi. Maji hazikuwa nayo.

Mambo yalianza masika. Mke wa Hondohondo, kama desturi ya jamaa zake, aliingia kwenye shimo la mti, akaziba mlango kwa tope na kinyesi, akabakiza ufa mwembamba, akalalia mayai. Mume akawa anampitishia panzi ufani. Siku moja, panzi akiwa bado mdomoni, wazo likamjia: kama mmoja anaweza kulishwa hivi, mbuga nzima je?

Akafungua huduma chini ya mbuyu. Vyura wakawa kwaya ya sifa, Kasuku akawa mshereheshaji, na Ngiri, aliyetoa sadaka ya kumbikumbi bila kuhesabu, akapewa kiti cha mbele.

"Msihangaike tena kuchimba," alihubiri Hondohondo. "Mimi nimechimba kwa niaba yenu. Pokea!"

"Napokea!"

"Mwambie jirani yako: goti lako lipumzike!"

Wakaambiana. Kisha kibuyu cha maji ya upako kikapitishwa, kila mmoja akalowesha ncha ya ulimi. Kwa kuwa madimbwi yalijaa kila upande, huduma ilionekana ina nguvu za ajabu. Swala pala alisimama akashuhudia kwamba tangu aache kuchimba hajawahi kuona kiu. Vigelegele vikapigwa hadi ng'ambo ya mto.

(Nami nimewahi kukaa kwenye mikutano ya namna hiyo, nikainua mkono, nikapokea, nikarudi nyumbani, na Biblia isifunguliwe hadi Jumapili iliyofuata. Kwa hiyo Ngiri simcheki sana.)

Bibi Tembo hakualikwa kuhubiri. Madimbwi yalipoanza kugeuka tope, yeye alirudia mazoea yake yasiyo na shangwe: alfajiri anashuka mtoni, anakwangua mchanga kwa mguu, anauchota kwa mkonga, anangoja maji yachuruzike taratibu kutoka chini. Usiku mchanga unaporomoka. Kesho yake anaanza upya, palepale au hatua mbili pembeni.

Ngiri alimwonea huruma. "Bibi, shikamoo. Bado tu unateseka? Hujapata ufunuo?"

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema Tembo, na mkonga ukarudi shimoni.

Mwezi wa kumi kibuyu kilikauka. Hondohondo alieleza kwamba zipo roho za upinzani, akachangisha sadaka ya mwisho ya kuvunja ukame, akaruka. Wapo wanaosema ana semina Mtera, kwenye bwawa. Kwaya nayo ilikuwa imeshajifukia matopeni.

Ngiri akamwendea mke wa Hondohondo, ambaye zamani alishatoka shimoni na watoto wake walikuwa wakiruka wenyewe.

"Mama Mchungaji, tumefuata mfano wako. Ulikaa ndani ukalishwa, ukatoka mzima. Mbona sisi tunakufa?"

Akamtazama kwa jicho moja, kama ndege wanavyotazama.

"Mimi nilikuwa na mayai, ndugu yangu. Humo ndani manyoya yangu ya kurukia yalinyonyoka, nikawa siwezi kwenda popote. Yakaota mengine. Nilipokuwa tayari nikavunja lile tope kwa mdomo wangu mwenyewe. Ninyi mlikuwa mnalalia nini?"

Ngiri alifikiri njia nzima. Hakupata hata yai moja.

Jioni akafika mtoni. Bibi Tembo alikuwa amekwisha kunywa na wajukuu wake, akasogea pembeni. "Kunywa." Akanywa. Akanywa na kesho yake, na keshokutwa, kila mara akifika jua likiwa limepanda na kazi imekwisha. Akaanza kuona kwamba hii nayo ni huduma nzuri, tena haina michango.

Siku ya nne akakuta mto mtupu. Tembo walikuwa wameondoka usiku kufuata malisho, kama wafanyavyo, bila kumchukia mtu. Pale palipokuwa na kisima palikuwa na kidimbwi cha mchanga, mkavu juu, na nyayo kubwa zikielekea vilimani. Ngiri akauramba ule mchanga wa jana. Akaita "Napokea!" mara mbili, kwa sauti ndogo, akatazama huku na huku kama kuna aliyemsikia.

Kisha akapiga magoti. Yaliuma kama magoti ya kuazima, na pua yake ilikuwa imesahau kazi. Alichimba mpaka jua likazama, mchanga ukimrudia nusu ya kila anachotoa. Giza lilipoingia alikuwa amefika kwenye mchanga wenye unyevu. Maji bado.