Guka, Bia Haitaki Moto (Isipokuwa Agosti)

Wapendwa wangu wa Murera,

Natumaini mvua imenyesha ya kutosha mahindi bila kugeuza ule udongo mweusi kuwa gundi ya kung'oa viatu. Ninaandika kwa kirefu kwa sababu zile sauti mnazotumiana kwenye kikundi cha familia zimekuwa nyingi na hazipatani. Mmoja anasema nimefungua baa Marekani. Mwingine, ambaye sauti yake naijua hata akiwa anatafuna, anasema napika chang'aa bafuni. Nasikia Mama amepeleka jina langu kwenye maombi ya Guild kanisani, na kina mama wa Guild, tunavyowajua, hawaombi kwa sauti ya chini.

Ukweli ni huu. Napika bia. Bia ya shayiri, ya kunywa nyumbani, na siuzi hata glasi moja. Hapa inaruhusiwa: Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria hiyo mwaka 1978, na nyumba yenye watu wazima wawili inaweza kupika galoni 200 kwa mwaka, karibu lita 757. Mama, kabla hujaanza kufunga, ujue Carter alikuwa Mbaptisti na alifundisha shule ya Jumapili hadi uzeeni. Nanyi vijana wa huko msiige. Sheria yetu ya vileo ya 2010, ile iitwayo ya Mututho, inamtaka kila anayetengeneza kileo awe na leseni, na chifu hatataka kusikia habari za Carter.

Wala siipiki bafuni. Napikia jikoni, kazi ya saa chache: unaloweka kimea kwenye maji moto, unachuja, unachemsha na hopsi, unapoza, unamimina kwenye ndoo, unatia chachu, unafunika. Hapo mpishi amemaliza, chachu ndiyo inayopika. Kinachobaki ni wiki mbili za ulezi, na katika nyumba kama yetu ulezi huo unachosha kuliko zamu ya usiku.

Nyumba yenyewe iko Lowell, Massachusetts, ghorofa ya tatu. Ni mji wa viwanda vya zamani vya nguo kando ya mto Merrimack, na Wakenya tumejaa hapa kiasi kwamba Jumapili utapata mahubiri ya Kikuyu bila kuhangaika. Tunakaa wawili, mimi na binamu. Jiko na sebule ni chumba kimoja. Ukifungua oveni, anayetazama runinga anakunja miguu. Kabati la nguo ni moja. Bafu ni moja. Sasa nitafutieni humo mahali pa kuweka ndoo ya lita 23 ikae wiki mbili bila kupigwa teke, bila jua na bila kukaribiana na rejeta ya ukutani inayopasha chumba joto.

Na kwa nini iwe mbali na rejeta? Mniruhusu niwe mwalimu kidogo. Chachu ni kiumbe hai. Inakula sukari, inatoa kileo, inatoa gesi, na inatoa joto lake yenyewe. Hilo la mwisho ndilo linalowaponyoka watu. Chumba kikiwa nyuzi 20, ndoo iliyoshika kasi siku ya pili inaweza kufika 23, hata 25, na wewe umekaa kando yake umevaa sweta. Kwa hiyo kipimajoto cha ukutani ni pambo tu. Changu ni cha kubandika, kimeganda kwenye ubavu wa ndoo, na ndicho ninachotazama nikitoka kazini kabla hata sijavua viatu. Binamu anasema mke nikija kumpata atasalimiwa wa pili.

Chachu ninayotumia wakati mwingi inapenda nyuzi 18 hadi 20. Ikipata joto kupita hapo inaharakisha, na haraka yake unaionja kwenye glasi: ladha ya ndizi mbivu ambayo hukuitia, ukali wa spiriti, na kichwa cha asubuhi kisicholingana na kiasi ulichokunywa. Ikipigwa na baridi inajikusanya chini na kulala, nawe unabaki na lita 19 za maji matamu. Zile siku tatu za kwanza ndizo hasa za kulinda. Ukizivuka, unaweza kuiachia ipande nyuzi mbili tatu imalizie kazi na kufuta ile ladha ya siagi inayobaki nyuma.

Sasa Guka, babu yangu. Kila nikipiga simu ananiuliza ndoo nimeiweka wapi. Nikimwambia iko pembeni, chini sakafuni, upande wa ukuta wa nje, namsikia akivuta pumzi. "Itakufa na baridi hiyo. Iweke karibu na moto."

Guka hakosei kwa pombe yake. Muratina ya kwetu hutafutiwa joto. Tunda la muratina linapasuliwa, linakaushwa, kisha linatiwa kwenye kibuyu chenye asali na maji, au maji ya miwa, na kibuyu kinalala kando ya mafiga. Chachu yenyewe imejificha ndani ya tunda kavu, na imezoea moto tangu enzi za babu zake na Guka. Guka hakuwa na kipimajoto. Alitega sikio: kibuyu kikinyamaza, anakisogeza motoni, kikifoka, anakirudisha nyuma. Ni ulezi uleule, ila yeye alikuwa anatafuta joto nami nalikimbia. (Kwa desturi, mtu wa umri wangu asingeruhusiwa hata kuonja muratina. Hiyo nayo ni sababu nzuri ya kupika bia.)

Msimu wa baridi nina msaidizi nisiyemtarajia, nayo ni sheria. Hapa Massachusetts kanuni za afya ya nyumba zinamlazimisha mwenye nyumba, kuanzia 15 Septemba, kuhakikisha kwamba chumba hakishuki chini ya nyuzi 68 za Farenhaiti kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tano usiku, na 64 usiku kucha. Piga hesabu: hiyo ni 20 za Selsiasi mchana na karibu 18 usiku. Niliposoma nilisimama. Hakuna atakayeniambia kwamba kwenye kamati iliyoandika kanuni hizo hapakuwa na mpika bia. Wameweka hata kikomo cha juu, 78, yaani 25 na nusu, na hapo ndipo mimi na mwenye nyumba tumekuwa tukiandikiana, maana mvuke wa ghorofa ya chini wote unakuja kustaafu kwetu juu. Nje theluji, ndani tumefungua dirisha. Nilimwandikia kwa adabu kwamba joto linazidi kiwango cha sheria. Akajibu kwamba kwa miaka yote hajawahi kupata mpangaji wa kulalamikia joto mwezi Januari, akauliza mimi ni wa nchi gani. Nikamwambia ninatoka karibu na ikweta. Hajajibu mpaka leo.

Kiangazi ndicho kigumu. Julai na Agosti hapa si Julai ya Murera, ambako mnavaa majaketi na ndoo ingekaa vizuri chini ya kitanda bila kuguswa. Hapa ghorofa ya tatu inafika nyuzi 30 na hewa ni nzito ya kukaba. Wajerumani walilijua tatizo hili zamani: mwaka 1553 mtawala wa Bavaria alipiga marufuku kupika bia kati ya 23 Aprili na 29 Septemba, kwa sababu iliharibika kwa joto. Joto la kiangazi liliendelea kuwasumbua mpaka mitambo ya baridi ilipokuja. Miaka ya 1870 Carl von Linde aliitengeneza mitambo yake kwa pesa na haja ya watengenezaji bia wa Munich. Kwa hiyo Mama, hiyo friji unayohifadhia nyama ya Guild ina deni kwa walevi. Usiwaambie.

Mtaniuliza kwa nini basi nisinunue friji ya zamani, niitie kile kidude cha kuiwasha na kuizima joto likipita kiwango. Ndivyo wenye nafasi wanavyofanya. Nilitaja jambo hilo mezani, binamu akasema siku friji ya pili ikiingia yeye anatoka, na kodi ya Lowell si ya mtu mmoja.

Basi ndoo ikaenda kwenye beseni la kuogea. Hapa ndipo yule mtafunaji alipopata habari zake nusu. Beseni linawekwa maji ya kina cha shubiri moja, ndoo inakaa ndani, na ndoo inavalishwa fulana. Fulana inanyonya maji kutoka chini hadi mabegani, maji yanayeyuka hewani, na yakiondoka yanabeba joto, kama mtungi wa bibi Shosho unavyopoza maji pale dirishani. Unawasha feni iipulizie. Siku kavu unapata nafuu ya nyuzi tatu hata tano. Ila Agosti ya Lowell hewa imeshiba maji, haipokei mengine, kwa hiyo asubuhi na jioni naongeza kwenye beseni chupa za soda zilizojazwa maji na kugandishwa. Zile za asubuhi zikiyeyuka zinarudi frizani, zile za jioni zinaingia. Samaki wa binamu wamehamishwa.

Fulana yenyewe mnaijua. Ni ile ya kampeni ya 2022 niliyoletewa na mgeni, ya yule mgombea aliyewaahidi maji mkampa kura chache. Saizi yake ni ya kuvika mlingoti, inaienea ndoo bila kukunjika, na uso wa mgombea unakaa sawa katikati ukitabasamu. Naomba mumfikishie habari kwamba ahadi inatekelezwa: maji yanapanda, hayakatiki, usiku na mchana. Binamu peke yake ndiye anayelalamika. Anasema ni vigumu kupiga mswaki huku mheshimiwa anakutazama.

Nilipotuma picha, Mjomba alinipigia akicheka mpaka akakohoa. Mjomba, kama mnavyojua, alikuwa kwenye kiwanda cha bia cha Castle pale Thika tangu kilipofunguliwa 1998 mpaka kilipofungwa 2002, na haachi kutukumbusha. Akasema kwao matangi yalikuwa na koti la chuma, baridi inazunguka ndani ya koti, mtu anabonyeza kitufe tu. Nikamwambia Mjomba, langu pia lina koti, tofauti ni kwamba lako halikuwahi kugombea udiwani.

Wiki za joto kali kabisa, chupa za barafu zikishindwa, nimepata njia nyingine, na hii ndiyo Guka anayodai isomwe kwa sauti mbele yenu. Magharibi mwa Norwei kuna chachu ya wakulima iitwayo kveik. Hiyo haitaki baridi. Inafanya kazi kwa nyuzi 35 na zaidi, kwa kasi ya siku chache, na bia inatoka safi. Wakulima wale waliikausha kwenye pete na magogo ya mbao yaliyochongwa matundu, wakaitundika mpaka siku ya kupika tena, kisha wakaidumbukiza pete nzima kwenye bia mpya. Nilimweleza Guka yote hayo kwenye simu: chachu iliyokaushwa juu ya mti, inayotumbukizwa na mti wake, inayopenda joto.

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Hao watu ni wa mbari gani?"

Nikasema ni Wanorwei.

"Hapana," akasema, "hao ni wetu, walipotea njia." Akaongeza kwamba alishaniambia niiweke karibu na moto.

Kwa hiyo Agosti hii ndoo imekaa juu ya kabati, mahali penye joto kuliko pote nyumbani, imefungwa blanketi. Bafu tumerudishiwa.

Anayekuja Desemba asinibebee matunda ya muratina, watu wa forodha hapa hawana mzaha na mimea. Anibebee majani ya chai, na fulana. Kampeni za 2027 zikipamba moto mnikusanyie, za chama chochote, mradi ziwe za pamba, kwa maana nailoni hainyonyi maji, na ziwe kubwa.

Ni mimi mjukuu, mtoto na mpwa wenu.

Binamu anawasalimu. Yuko bafuni tangu asubuhi, anasema anafidia.