Maharagi ya Chakula, Maharagi ya Masomo

Shule ya materneli siku hizi haimsomeshi mtoto, inamsomesha baba. Ijumaa mtoto wetu mdogo wa miaka minne alirudi na karatasi ndani ya kifuko chake, imeandikwa kwa Kifaransa cha ofisini: orodha ya shughuli rahisi za kufanya na mtoto nyumbani. Rahisi! Aliyeandika neno hilo haishi huku kwetu Katuba, Lubumbashi.

Tuanze na vifaa. Inatakiwa mirija minane ile ya kati ya karatasi za chooni, iwe mitupu, ifike shuleni Jumatatu. Nikapiga hesabu. Ili nyumba yetu imalize karatasi zote hizo kwa siku mbili, ingebidi sote tushinde tukila maembe mabichi na kushushia maji ya kisima, na Jumatatu ingekuta hakuna mwenye nguvu za kuipeleka hiyo mirija. Halafu vikasha vya mayai, vile vyenye mfuniko, vya mayai sita sita. Sisi mayai tunanunua plato ya 30 tukiwa na pesa, na moja moja tukiwa hatuna. Nikaenda kwa kijana anayekaanga mayai kando ya barabara, nikamwomba plato tupu. Akaniuliza, kwa heshima zote: "Papa, hali imekuwa ngumu hivyo?"

Ukaja unga. Karatasi inasema chukua vikombe viwili vya unga, chumvi, maji, mafuta kidogo na rangi, ukande, mtoto afinyange wanyama. Kweli, walitaka unga wa ngano, si wa mahindi, lakini kamweleze mama yangu tofauti hiyo. Lubumbashi unga ni siasa. Mahindi yetu hayatutoshi, mifuko ya kilo 25 inatoka Zambia kupitia Kasumbalesa, na mpaka ukisumbua kidogo tu, bei inapanda kabla dereva wa lori hajazima injini. Mtu aliyepita miezi ya namna hiyo hawezi kuvumilia kuona unga wa bukari, yaani ugali, unageuzwa kuwa twiga. Mama alisimama mlangoni, akatazama bakuli, akanitazama mimi. "Papa, bunga ni ya bukari. Kama mutoto anataka kufinyanga, udongo si uko inje?"

Upo kweli, tena wa kutosha. Pande zote za mji huu kuna vichuguu, vingine vimepita paa la nyumba, na udongo wake ndio tunaofyatulia matofali kwa sababu unashika vizuri. Mama, nkambo wa mtoto, akauloweka kwenye beseni, mtoto akafinyanga kitu chenye miguu mitano. Akasema ni mutuka, yaani gari. Hatukubishana naye.

Hapa niache mzaha kidogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, na mwaka 2009 wakachapisha waliyoyakuta: kobalti nyingi mno, na watoto wakiwazidi watu wazima. Mtoto hushika vumbi kisha hulamba vidole. Kwa hiyo udongo wa kuchezea usichotwe kando ya barabara ya malori ya madini wala karibu na kiwanda, na mikono ioshwe kabla ya kugusa bukari. Hilo karatasi haikulitaja, ingawa namna ya kupata rangi ya waridi imeelezwa kwa mistari sita.

Kwa kuhesabu, tunashauriwa kununua vidude vya rangi madukani. Mbele ya kila nganda, yaani baa, vimejaa vidude vya bure: vifuniko vya chupa. Mtoto akavipanga, vya bia ya Simba huku, vya Tembo kule, akahesabu mpaka kumi na mbili akiruka tisa. Somo liliingia, tena liliingia mno. Siku chache baadaye madamu akaonyesha darasa picha ya simba, akauliza mnyama huyu anaishi wapi. Wa kwangu akawa wa kwanza kunyoosha kidole: "Ndani ya kreti!" Nikaitwa shuleni.

Lakini iliyonichoma zaidi ni sehemu ya mwisho ya karatasi. Mama akaniambia nimsomee. Nikamsomea: mtoto apewe mbegu zilizochanganyika, azitenge. Amimine maji kutoka kikombe kimoja hadi kingine. Afunge vifungo vya shati. Afagie kwa fagio dogo. Mama alicheka mpaka akaomba kiti. "Kumbe na sisi wote tulisoma materneli!"

Acheke tu, maana jioni ileile yeye ndiye aliyemfukuza mtoto kwenye ungo wa maharagi: "Toka, utayamwaga!" Mama wa mtoto akamfukuza kwenye bidoni ya maji: "Utalowa!" Nami nikamnyang'anya fagio kwa sababu alikuwa ananitimulia vumbi. Tunamfukuza mtoto kazini nyumbani, kisha tunatoa dola afundishwe kazi hizohizo kwa vyombo vya plastiki. Na ni dola kweli. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa bure tangu Septemba 2019, lakini materneli imebaki mfukoni mwa mzazi.

Mambo haya ya kumimina na kufagia yana mwenyewe. Daktari mmoja wa Italia, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto mwaka 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, mtaa wa maskini, kwa watoto ambao wazazi wao walishinda kazini. Aliona wakikazana zaidi na kazi ndogondogo za nyumbani kuliko wanavyohangaika na midoli. Leo jina lake likibandikwa kwenye geti la shule, ada inapanda. Watoto wa vibarua wa Roma ndio walioanza nalo, na watoto wa vibarua wa Kamalondo, hapa mjini kwetu, hawalimudu.

Basi kesho yake tukaamua mtoto akae kwenye ungo wa maharagi. Nkambo akampa kopo la kutupia mawe. Anaokota jiwe moja kwa vidole viwili, analigeuza, analinusa, ndipo analidondosha na kusikiliza linavyolia. Kisha lingine. Makaa ya mbabula yakawaka, yakapoa, yakaongezwa. Tulikula usiku, na katika kijiko changu cha pili nikauma jiwe lililotikisa mpaka masikio. Nilipomuuliza hilo alilionaje, akajibu kwamba aliliona, akaliacha, maana lilikuwa zuri.

Kwa hiyo, madamu, nina ombi moja. Saa nane za mchana, nani yuko nyumbani na mtoto? Mimi niko mjini natafuta maisha, mama yake yuko soko la komini ya Kenya anauza nyanya. Aliyebaki ni nkambo, na Kifaransa hakisomi. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 imekubali lugha zetu za taifa zifundishie watoto, na Kiswahili ni mojawapo. Karatasi ijayo mwandikie yeye, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, maana macho yake yamechoka. Na ile mirija ya chooni, tafadhali, ifute.