Waganga wa Kiti cha Mjomba

Mjomba wangu ana gari la Kijapani lililoshushwa bandarini Mombasa likiwa na viti vya ngozi rangi ya maziwa. Tangu alipolileta Mnarani huliegesha juani, mbele ya nyumba, ili kila apitaye alione. Jua likafanya kazi yake, jasho na upepo wa chumvi vikasaidia, kiti cha dereva kikajaa nyufa. Kule kwenye magofu ya Mnarani watalii hulipa kiingilio kutazama kuta zilizopasuka. Sisi nyufa tulizikalia bure.

Fundi wa viti yuko Kilifi mjini. Daraja la kuvukia huko lilifunguliwa 1991, lakini mjomba hadi leo huuona mji kama ng'ambo ya kungojea feri. "Mpwa wangu," akaniambia, "Mjapani katusaidia daraja, na gari ni lake. Sisi tushindwe na kiti?"

Basi waganga wakajaa. Mzee mmoja akitoka msikitini alisema ngozi ni ngozi, ipakwe mafuta ya nazi. Shangazi akakataa ya dukani. Akakuna nazi, akakamua tui, akapika mafuta mwenyewe. Kiti kilipakwa kikang'aa. Mjomba akaacha milango yote wazi watu wajionee, akaingia ndani kula.

Wa kwanza kujionea walikuwa sisimizi. Wa pili kuku, waliowafuata sisimizi. Kuku hana habari na bei ya ngozi: kila akidonoa sisimizi, anadonoa na kiti. Shangazi alipotoka na mwiko, jogoo alikuwa juu ya usukani, anawika.

Tatizo ni kwamba ngozi nyingi za gari mafuta hayazifikii. Kiwandani hupigwa rangi, kisha juu yake utando wa plastiki. Mafuta hubaki juu, yakingoja nguo. Yaliipata kanzu nyeupe ya Ijumaa, mgongo mzima, na mjomba huswali safu ya mbele.

Vijana wa bodaboda wakapendekeza rangi ya viatu. Shangazi, ambaye ndiye afuaye, aliwafukuza kwa mwiko uleule.

Kilichofaa hakina mbwembwe. Sabuni laini na brashi laini; spiriti ya kukata mafuta, na hapo nazi ya shangazi ilitutoa jasho; msasa mwembamba, kwa mkono mwepesi; dawa ya kuziba nyufa; kisha rangi ya ngozi kwa sponji, tabaka jembamba juu ya jingine, kila moja likauke kwanza. Kukauka ndiko kulikotutesa. Hewa ya hapa ina unyevu, na kila mpita njia ana kidole cha kujaribia kama imekauka. Mwisho tukapaka utando mpya wa kinga.

Kiti kikapona, isipokuwa vile vitundu vya kuku. Mjomba huwaambia abiria ni vya kupitishia hewa, na wanaamini, kwa kuwa viti vya namna hiyo kweli vipo kwenye magari ya bei.

Sifa zikaenea. Juzi jirani alituletea kochi kwa mkokoteni, limebambuka kote. Nikalikagua, nikamwambia, "Mama, hii si ngozi, ni plastiki."

"Najua," akasema, akimlipa mwenye mkokoteni. "Ndiyo maana nimelileta kwenu. Nataka iwe ngozi."