Tangi la Asilimia 23.3

Mshahara wa Julai 2022 sisi tuliula Mei. Tuliula pamoja na mama mkwe, shemeji mwenye bodaboda, fundi mwashi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Same mjini, na wakili mmoja ambaye mpaka leo sijamtia machoni. Mwenye mshahara, yaani mume wangu, Mwalimu, ndiye aliyebaki kuosha vyombo.

Mei Mosi ya mwaka ule ilifanyika kitaifa Dodoma. Rais Samia Suluhu Hassan aliwaambia wafanyakazi kwamba lile jambo lao lipo, uwanja ukalipuka kwa shangwe, kiasi hakikutajwa. Tarehe 14 ya mwezi huohuo Ikulu ikatoa taarifa: kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma kinapanda kwa asilimia 23.3. Ndivyo ilivyoandikwa. Lakini kutoka Dodoma hadi Same ni mbali, na mahali fulani njiani "kima cha chini" kikashuka kwenye basi. Iliyofika kwetu ni 23.3 peke yake.

Ili usimcheke Mwalimu bure, kumbuka alikotoka. Uhakiki wa watumishi hewa ulipoanza mwaka 2016, kupanda madaraja kulisimama na nyongeza ya kila mwaka ikasimama. Mei Mosi ya 2017 ilifanyika Moshi, Uwanja wa Ushirika, siku chache baada ya kutolewa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Mwalimu alikwenda na wenzake kwa basi, amevaa fulana na kofia mpya, vyeti vyake halisi kavichomeka kwenye bahasha kifuani, ingawa hakuna aliyemwomba avionyeshe. Alirudi na fulana; kofia ilibaki na wajanja wa stendi ya Moshi. Mei Mosi ya Iringa na ile ya Mbeya alizisikiliza redioni akiwa amekaa, kisha amesimama, kisha amezima. Mwaka 2021, huko Mwanza, Rais mpya akasema hali hairuhusu, subirini mwakani, ila kodi ya mshahara ya ngazi ya chini itashuka kutoka asilimia 9 hadi 8. Mwalimu akakokotoa: asilimia moja ya zile 250,000 zinazoingia kwenye ngazi hiyo ni shilingi 2,500 kwa mwezi. Haikutimiza kilo ya sukari. Fulana ya Moshi wakati huo ilikuwa imeshakuwa dekio.

Kwa hiyo 23.3 ilipotua, alichukua kalamu yake nyekundu ya kusahihishia, akaandika nyuma ya daftari la mwanafunzi fulani mshahara wake wa laki tisa na arobaini, akazidisha, akapata 219,020. Akaizungushia duara mara mbili. Binti yetu wa kidato cha pili alipochungulia akauliza, "Baba, na makato?" Akajibiwa kwamba watoto hawaingilii mambo ya utumishi.

Swali lenyewe halikuwa la kitoto. Bodi ya mikopo inachukua asilimia 15, mfuko wa hifadhi ya jamii 5, bima ya afya 3, chama cha walimu 2, na kodi inasubiri mlangoni na mkono wake wa asilimia 25 hadi 30. Hata kama hesabu ya duara jekundu ingekuwa ya kweli, karibu nusu ingeishia njiani. Lakini mtu aliyesubiri miaka sita hapendi kusikia habari za njiani.

Ubaya wa asilimia ni kwamba kila mtu anaweza kuipiga hesabu kwa niaba yako. Mshahara wa mtumishi ni siri, ila kila jirani ana makisio yake, na Same nzima ilikuwa imesikia redio. Muuza unga aliongeza bei wiki ileile. Alikuwa na sababu zake nyingine, mafuta yamepanda kwa vita vya Ukraine, nauli ya lori imepanda, lakini alipokuwa ananirudishia chenji alisema, "Shemeji, nyie si mmeongezwa?" Mimi nashona nguo kwa cherehani barazani. Sijawahi kuongezwa na mtu yeyote.

Kisha simu ikapigwa kutoka Mbaga.

Mama mkwe wangu anaishi huko juu, kwenye upande wa milima wenye ukungu na migomba. Mimi nimeolewa Upareni nikitokea Muheza, na tangu siku ya kwanza nilitahadharishwa na watani Wachaga kwamba Mpare atauza ng'ombe apate nauli ya kufuatilia kesi ya kuku. Nilidhani ni utani. Ukoo una kesi ya mpaka wa shamba, imeanza kijijini, imepanda kata, imeteremka hadi baraza la ardhi la wilaya hapa Same, na shamba lenyewe ukilitazama unalimaliza kabla hujapepesa. Jioni ile ukoo ulikuwa umekaa kikao cha michango ya wakili. Mama mkwe alisikia 23.3, akanyoosha mkono mbele ya wazee, akaahidi kwa niaba ya mwanawe laki moja kila mwezi kuanzia Julai.

"Mama, hujaniuliza," Mwalimu alisema kwenye simu.

"Nikuulize nini? Redio imesema."

Wiki iliyofuata akashuka mwenyewe kwa basi, na mkungu wa ndizi na tangawizi kwenye kiroba, kuja kusubiri Julai kwa karibu. Jioni, tukiwa tumezunguka sufuria la makande, akatukumbusha kwamba kusubiri Same ni kazi ya ukoo wao. Babu yake alikuwa miongoni mwa maelfu walioshuka kutoka milimani Januari 1945, wakaja kujaa makao makuu ya wilaya hapahapa Same kuikataa mbiru. Hiyo ilikuwa kodi ya wakoloni iliyopimwa kwa kukisia mali ya mtu: ng'ombe wangapi, kahawa kiasi gani, na bado nini amekificha. Watu waliweka kambi kwa miezi, kwa zamu, wakiletewa chakula kutoka vijijini. Baadaye wanawake wa Usangi nao wakaandamana, na hatimaye mbiru ikafutwa. Hayati Profesa Isaria Kimambo, msomi wa Upare, aliandika juu ya mgogoro huo.

"Wao walisubiri serikali ipunguze," mama mkwe alisema. "Nyie mnasubiri iongeze. Nani mwenye adabu?"

Nilitamani kumwambia kwamba anayekisia mali ya Mwalimu safari hii ni yeye, tena kwa bidii kuliko karani yeyote wa mkoloni. Nikaongeza chumvi kwenye makande.

Sasa tangi. Anayeishi Same anajua mvua tunaiangalia kwa mbali: mawingu yanakwenda kukaa Shengena, huku chini tunapata upepo na vumbi. Mradi mkubwa wa kuleta maji kutoka Nyumba ya Mungu, ule wa Same, Mwanga na Korogwe, tuliusubiri tangu enzi za Rais Kikwete, na mwaka 2022 mabomba tulikuwa bado tunayaona tu. Maji tulinunua kwa madumu kwa watu wa guta. Ndoto ya Mwalimu ilikuwa tangi la lita 2,000 lenye bomba lake, ili aoge bila kuhesabu vikombe. Alikwenda dukani na duara jekundu kichwani, akaongea na mwenye duka kwa mali kauli: tangi achukue sasa, alipe kwa awamu tatu kuanzia mshahara wa Julai. Mwenye duka hakusita. Yeye pia alikuwa amesikia redio.

Lilikuja juu ya kirikuu, limefungwa kamba za katani, shemeji akiongoza msafara kwa bodaboda na honi. Watoto wa mtaa walikimbia nyuma. Mama mkwe alipiga kigelegele kimoja, akakikatisha alipoambiwa bei. Halafu fundi mwashi akaja, akapima kwa hatua, akataja matofali, nondo na saruji ya kujengea kitako. Mwalimu akatazama daftari, akaona kitako hakimo. "Kitako kitajengwa Julai," akasema. Mifereji ya bati nayo Julai. Maji ya kulijaza, tungoje kwanza kitako. Tangi likasimama uani juu ya udongo, tupu, refu kuliko sisi sote, linasubiri mshahara.

Mwezi wa sita upepo wa Same huanza kazi, na usiku mmoja ukalikuta. Tulisikia kwanza mlio wa chini, kisha kishindo, kisha kitu kinaviringika kuelekea bondeni kikigonga kila kilichopo. Mwalimu alitoka na kikoi na tochi ya simu. Mimi nyuma. Mama mkwe nyuma yangu, anauliza kwa Kipare jambo nililoelewa nusu, na nusu hiyo ilihusu akili za mwanawe. Kule chini tukasikia mbao zinapasuka. Jirani yetu, mhudumu wa ofisi moja ya serikali, alikuwa amesimama mlangoni kwake na panga, mke wake na watoto wameparamia kitanda, kwa sababu mtu akisikia kishindo cha namna ile usiku wilaya ya Same, jambo la kwanza analofikiri ni tembo wa Mkomazi.

Alipomulika akakuta tangi. Limelala juu ya jiko lake la mabanzi, au juu ya mahali lilipokuwa jiko. Sufuria mbili zimekuwa sahani. Kuku wapo hai, wamekasirika. Tangi lenyewe halikuwa na mkwaruzo wa maana, na hilo Mwalimu akalisema kwa sauti, jambo ambalo halikusaidia.

"Mwalimu," jirani akasema taratibu, panga bado mkononi, "hili ni la kwako?"

"Bado sijalilipia," Mwalimu akajibu.

Walikubaliana asubuhi, mbele ya balozi: jiko litajengwa upya. Lini? Julai.

Hati za mshahara wa Julai zilipoanza kuonekana kwenye mtandao, makundi ya walimu ya WhatsApp yaliwaka kabla hata ya jogoo. Mmoja aliandika elfu kumi na mbili. Mwingine elfu ishirini, na akaambiwa anaringa. Mwalimu aliifungua ya kwake sebuleni, akaishusha kwa kidole, akaipandisha, akaizima simu na kuiwasha, kana kwamba tatizo ni simu. Kilichoongezeka mkononi hakikufika elfu ishirini. Serikali ikaeleza kwamba 23.3, kama ilivyoandikwa tangu Mei, ilikuwa ya kima cha chini, kutoka 300,000 kwenda 370,000, na kadiri mshahara unavyopanda ndivyo asilimia inavyopungua. Kwa hesabu hakuna aliyedanganywa. Aliye chini kabisa kuongezwa zaidi ni haki, na mimi kama nisingekuwa na deni la tangi ningeipigia makofi sera hiyo. Tatizo ni ile miezi miwili iliyoachwa wazi kati ya tangazo na hati, ambamo kila familia ilijiandikia nyongeza yake na hakuna ofisi iliyosema ngojeni kwanza.

Yule aliyelala akaamka na 23.3 kamili alikuwa jirani yetu. Mhudumu wa ofisi, kima cha chini, shilingi 70,000 taslimu kwenye mshahara wake, kabla ya makato machache. Alikuja jioni, ameshika kofia, anaona haya kwa niaba yetu. Aliketi, akanywa chai ya tangawizi ya mama mkwe, akasema kama Mwalimu hana haraka na lile tangi, yeye anaweza kulichukua na zile awamu tatu azimalize yeye dukani. Gharama ya jiko watakatana humohumo. Na akatuhakikishia kwamba kwanza atajenga kitako.

Alijenga. Akawa anajaziwa na watu wa guta kwa bei ya jumla, na anauzia mtaa ndoo kwa ndoo. Tulinunua kwake. Mwalimu alikuwa anatuma watoto. Yeye mwenyewe hakwenda.

Mama mkwe alirudi Mbaga na ahadi ya laki moja ikiwa imepungua kuwa nauli. Sijui aliwaambia nini wazee, ila nilisikia kwamba kwenye kikao kilichofuata lawama zilimwangukia mkwe, yaani mimi wa Muheza, niliyefungia hela kwenye cherehani.

Malimbikizo ya daraja lililocheleweshwa, ambayo Mwalimu aliyadai kwa barua, kwa fomu na kwa safari za halmashauri, yaliingia baadaye, siku ambayo hakuna aliyetangaza chochote. Hapakuwa na hotuba wala asilimia. Niligundua kwa sababu ada ya binti ililipwa bila kelele na Mwalimu akaonekana na viatu vipya. Nilimtazama miguuni, akanitazama, nikaendelea kushona. Hela ile haikuwa na mwana ukoo hata mmoja.

Machi 2025 mradi wa maji ulizinduliwa hatimaye, na jirani akaanza kuliangalia tangi lake kwa wasiwasi. Mei Mosi ikafuata, Singida. Rais akatangaza kima cha chini kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, asilimia 35.1. Safari hii Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, kwa kalamu ya bluu, na "kima cha chini" alikipigia mstari. Simu ikalia kabla uwanja haujanyamaza.

"Nimesikia thelathini na tano," mama mkwe akasema. "Kesi yetu inaitwa mwezi ujao."

"Mama, ni kima cha chini. Sisi tutaona kidogo tu. Atakayeongezwa sana ni watu wa ngazi ya jirani yetu, yule wa tangi."

Kimya kidogo. Ng'ombe mmoja akalia huko Mbaga.

"Basi nitumie namba yake," akasema mama mkwe.