Akili Mnemba Yafikishwa Kijiweni Irente

Kijiwe, yaani mahali pa wazi ambapo watu wazima hukutana kila siku kujadili kwa uchungu mambo ambayo hakuna aliyewauliza, ni taasisi kamili yenye ngazi zake za madaraka, ijapokuwa haina usajili wala mhasibu. Kijiwe kinachozungumziwa hapa kipo kando ya barabara itokayo Lushoto mjini kwenda kwenye genge la Irente, pale milima ya Usambara inapokatika ghafla na kuiacha nyika ya Mazinde imetandazwa chini, na wanachama wake wa kudumu hujulikana zaidi kwa vyeo kuliko kwa majina. Yupo Profesa, ambaye hakuacha chuo bali chuo kilimwacha, yupo Dalali wa mboga, yupo Bodaboda, yupo Mwalimu, mstaafu aliyefundisha watoto wasioona, yupo Mzee Korona, aliyezeekea kwenye mashamba ya mkonge, na yupo Mama Bada, ambaye kwa kumiliki banda, sufuria na daftari la madeni ndiye mwenyekiti asiyepigiwa kura.

Mada ililetwa na Profesa, kama zinavyoletwa naye mada zote zisizo na faida ya papo hapo. Alieleza kwamba akili mnemba, ambayo wengine huiita akili bandia au akili unde, ni programu ya kompyuta isiyongoja kuandikiwa kila amri, bali iliyoonyeshwa mifano mingi mno hadi ikaweza kukisia yenyewe jambo ambalo haijapata kuonyeshwa, ilhali roboti ni mashine yenye viungo vya kutendea kazi, ambayo huweza kuongozwa na programu ya namna hiyo au na nyingine ya kawaida kabisa.

"Kwa hiyo, mgosi, akili mnemba ni kukisia?" aliuliza Dalali, na alipojibiwa kuwa kwa kiasi kikubwa ndivyo, akahitimisha kwamba fani hiyo ipo Irente tangu zamani, na kwamba Profesa mwenyewe amekuwa akiitumikia bila mshahara.

Ili kuuokoa mjadala, Profesa alitoa mfano wa Nuru, programu ya simu iliyotengenezwa na mradi wa PlantVillage wa chuo kikuu cha Penn State cha Marekani kwa kushirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, pamoja na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki, IITA. Mkulima huelekeza kamera ya simu kwenye jani la muhogo, na programu humwambia, kwa Kiswahili na bila kuhitaji intaneti, kama mmea una batobato, una michirizi kahawia au umeshambuliwa na utitiri. Picha zilizotumiwa na watafiti kuifunza akili hiyo, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2017, zilipigwa kwenye mashamba ya majaribio nje ya Bagamoyo, kwa hiyo mwanafunzi ni mashine ya kigeni lakini darasa lilikuwa Pwani. Inafaa kuongezwa kwamba michirizi kahawia, ambayo ni ugonjwa wa virusi, ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtafiti H. H. Storey akiwa Amani, Usambara Mashariki, kwenye kituo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, jambo ambalo Profesa alilitangaza kwa kifua mbele kana kwamba ugonjwa huo ni heshima ya mkoa.

Mama Bada, ambaye jina lake limetokana na ugali wa muhogo anaoupika, alisikiliza yote hayo akimenya, kisha akauliza kama simu hiyo huona chini ya udongo. Swali lilikuwa la kitaalamu kuliko alivyodhani Profesa, kwa sababu ubaya wa michirizi kahawia ni kwamba shina na majani huweza kuonekana na afya wakati mzizi umekwisha kuoza kwa ndani, na mkulima huja kujua siku ya kuvuna. Watafiti wenyewe, walipoijaribu programu hiyo shambani na kuchapisha matokeo mwaka 2019, waliona kwamba ilifanya vizuri kwenye majani yenye dalili kali lakini uwezo wake ulishuka sana kwenye yale yenye dalili hafifu.

"Ugonjwa ukishakomaa hata mbuzi anautambua," alisema Mama Bada. "Tunataka wa kutuambia mapema."

Hata hivyo, ni haki kusema kwamba kwa mkulima ambaye hajamwona bwana shamba tangu masika ya mwaka jana, daktari anayekosea dalili hafifu ni bora kuliko kutokuwa na daktari kabisa, na Mama Bada, alipobanwa, alikubali kwamba shemeji yake wa kule bondeni angeihitaji simu hiyo, ila alisisitiza kwamba muhogo utaendelea kuvunjwa mbele ya macho yake kabla ya pesa kutoka.

Dalali alikuwa na hofu ya aina nyingine. Kabichi, karoti na matunda ya Lushoto huteremka usiku kwa malori kwenda Tanga na Dar es Salaam, na riziki ya dalali inatokana na ukweli kwamba mkulima aliyeko mlimani hajui bei iliyolala sokoni jana. Programu itakayomwambia mkulima bei hiyo kila alfajiri, na kumkadiria uzito wa gunia kwa kulitazama tu, itakuwa imeua lumbesa, yaani ule ujazo wa kupita kipimo unaofungwa kwa kamba juu ya mdomo wa gunia, ambao Wakala wa Vipimo umeupiga vita kwa miaka mingi bila kuumaliza. Dalali aliuita mpango huo uvunjaji wa utamaduni. Hakuna aliyemwunga mkono, na Bodaboda alitumia fursa hiyo kumkumbusha deni la safari mbili.

Kuhusu magari yanayojiendesha, Bodaboda hakuonyesha wasiwasi wowote, kwa maelezo kwamba mashine iliyojifunza kwenye lami haijaonja utelezi wa Irente wakati wa mvua, na hata droni, ambazo ni ndege zisizo na rubani, hazibebi abiria na kuku wake. Profesa alijibu kwamba mwaka 2018 droni zilijaribiwa kupeleka dawa kisiwani Ukerewe kutoka bara, naye Bodaboda akasema ziwani hakuna kona.

Mwalimu alizungumza kwa utaratibu, na kijiwe, ambacho kwa kawaida hakimsubiri mtu amalize sentensi, kilimsubiri. Irente ina shule ya wasioona iliyo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na kwa muda mrefu mlango wa elimu kwa watoto hao umekuwa nukta nundu, yaani maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa ncha za vidole, ambayo vitabu vyake ni vikubwa, ni ghali na ni vichache. Programu zinazosoma maandishi kwa sauti zimeupanua mlango huo, na nyingine zimeenda mbali zaidi: Be My Eyes, iliyoanzishwa na Mdenmark ili watu wanaoona wawasaidie wasioona kwa njia ya video, iliongezewa akili mnemba mwaka 2023, ikawa na uwezo wa kueleza kilichomo kwenye picha bila kumsubiri mtu.

"Faida kubwa si kujua rangi ya ua," alisema Mwalimu. "Faida ni kwamba mtu asiyeona ataisoma barua yake ya mapenzi bila jirani kuisoma kwanza."

Kicheko kilipotulia aliongeza upande wa pili, kwamba programu hizi hubuni, yaani hutoa jibu la uongo kwa sauti ileile ya utulivu inayotumika kutoa jibu la kweli, na anayeona akiambiwa chupa ni ya dawa ya kikohozi atatazama lebo, lakini asiyeona ataimeza. Huenda hii ndiyo kasoro nzito kuliko zote zilizotajwa siku hiyo, maana inamwangukia zaidi yule ambaye chombo kilitengenezwa kwa ajili yake.

Suala la utapeli lilipita haraka kwa kuwa kila mmoja alikuwa na uzoefu nalo. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umezoeleka nchini kote, na jipya ni kwamba akili mnemba huweza sasa kuiga sauti ya mtu kutokana na kipande kifupi cha sauti yake. Profesa alitaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mama Bada alitaja kinga yake mwenyewe: mwanawe akipiga simu kuomba pesa huulizwa kwa Kisambaa jina la mbuzi wa marehemu bibi yake.

Ndipo Mzee Korona alipoinua fimbo kuelekea bondeni. Korona ni mashine ya kuchakata mkonge, ambayo huponda na kukwangua jani hadi zibaki singa, yaani nyuzi, ambazo ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Mkonge wenyewe uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katika miche yote aliyoiagiza ni 62 tu iliyofika hai, lakini kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa ikizalisha takriban tani 230,000 za singa. Hoja ya Mzee ilikuwa kwamba mashine iliondoa kazi ya kukwangua na papo hapo ikazaa kazi ya kuilisha, kwa sababu korona haishibi, na majani yake hukatwa kwa mkono hadi leo. Ndiyo maana walichukuliwa manamba, vibarua wa mkataba waliotoka mbali kama Kigoma, Songea, Rwanda na Burundi, wakalala kambini kwa miaka.

"Mgeni aliyekuja kuona kiwanda alionyeshwa korona," alisema Mzee. "Mkata mkonge hakuonyeshwa. Sasa hii yenu ya kwenye simu, nani anaikatia majani?"

Profesa, kwa mara ya kwanza kwa kumbukumbu za kijiwe, alijibu kwa sauti ndogo. Alieleza kwamba Januari 2023 jarida la TIME la Marekani liliripoti habari za vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa, kupitia kampuni iitwayo Sama, kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili na unyanyasaji ili ChatGPT, programu ya mazungumzo iliyotolewa Novemba 2022, ijifunze kutoyatapika mbele ya wateja.

"Wanakaa kambini?" aliuliza Mzee.

"Ofisini, Mzee. Wana kompyuta."

"Basi wamepata kivuli," alisema Mzee Korona, na akaomba aongezewe chai.

Mkutano ulivunjwa na suala la malipo. Profesa, akitaka kuirudishia hadhi mada yake, aliiagiza simu iigawe gharama ya bada, maharage na chai kwa walaji wote, nayo ikafanya hivyo papo hapo na kwa usahihi. Mama Bada aliitazama namba hiyo, akaisifu, kisha akafungua daftari na kusoma kwa sauti kila alichokula Profesa tangu wiki ya Pasaka, pamoja na maandazi aliyodai yalikuwa ya mgeni wake. Profesa aliomba apewe hadi Jumamosi, na Dalali akashauri aiulize akili mnemba Jumamosi ipi.