Uainishaji wa Awali wa Wabishi wa Marienbad

Filamu ya Alain Resnais, L'Année dernière à Marienbad, ilitwaa Simba wa Dhahabu mjini Venice mwaka 1961, na tangu hapo wapenzi wa filamu hawajafunga mdomo. Kisa chake ni kifupi. Katika hoteli ya kifahari, mwanamume anamwambia mwanamke kwamba walikutana mwaka jana, wakapendana, wakaahidiana kuondoka pamoja. Mwanamke anasema hakumbuki. Mwanamume anarudia. Dakika 94 zinakwisha. Kuhusu filamu yenyewe wataalamu wamekwishaandika hadi wino umewakaukia. Wabishi wake ndio ambao bado hawajapangwa kwa jenasi na spishi, na pengo hilo halivumiliki.

Jenasi kongwe ni mbili: Walikutana na Hawakukutana. Zinafanana kwa sura na kwa chakula, na hutofautiana pale tu zinapooneshwa ushahidi. Chukua droo ile ambayo mwanamke anaifungua na kuikuta imejaa nakala za picha yake moja. Walikutana hushangilia: picha si ipo? Hawakukutana hushangilia vilevile: nani hupiga picha moja akaijaza droo nzima, kama si kichaa au ndoto? Usitarajie mwamuzi. Wazazi wa filamu wenyewe waligawanyika. Resnais aliegemea upande wa kwamba walikutana, na mwandishi wake, Alain Robbe-Grillet, akashikilia kwamba hawakukutana. Mtoto wa nyumba hiyo angetulia vipi?

Spishi ndogo nitazipitia haraka. Yupo Mfukua Chanzo, ambaye hawezi kunywa kahawa kabla hajaitaja riwaya ya Adolfo Bioy Casares ya mwaka 1940, La invención de Morel. Yupo Mwanasiasa, anayekumbusha kwamba Resnais na Robbe-Grillet wote walitia saini tamko la wasomi 121 dhidi ya vita vya Algeria mwaka 1960, kisha akaanza kuitafuta Algeria nyuma ya mapazia ya hoteli. Hajaipata, lakini hajachoka.

Anayestahili darubini ni Mhesabu Njiti. Ndani ya filamu upo mchezo: vitu 16 hupangwa kwa mistari minne, yenye vitu saba, vitano, vitatu na kimoja. Kila mchezaji kwa zamu huondoa idadi aitakayo kutoka mstari mmoja, na anayebakiwa na cha mwisho ameshindwa. Bwana mmoja mwembamba, aliyeigizwa na Sacha Pitoëff, hashindwi kamwe. Mhesabu Njiti humtambui mpaka atoe kiberiti mfukoni. Hapo husogeza vikombe, hupanga njiti mezani, hukukaribisha uanze wewe, na hukufunga mara nne mfululizo. Ukarimu wake ni mtego: tangu mwaka 1901 mwanahisabati Charles Bouton alikwishaeleza nadharia ya mchezo huu, na kwa mpangilio huo anayeanza amekwisha, ikiwa mwenzake anaijua kazi. Ukimuuliza mapenzi yale yaliishia wapi, atakujibu kwamba zamu ni yako.

Sasa tazama kinachotokea kando ya meza hiyo kwenye filamu. Wageni wa hoteli wamesimama kumzunguka bwana mwembamba, kila mmoja na nadharia yake: anayeanza ndiye hushinda; la, ni wa pili; lazima uchukue idadi witiri. Hakuna anayemsikiliza mwenzake. Hapa uainishaji wangu unapata taabu kidogo, kwa sababu inaelekea Resnais alinitangulia. Wabishi aliwaweka ndani ya filamu, wamevaa suti nyeusi, kabla tiketi ya kwanza haijauzwa.

Sanamu ya bustanini inathibitisha hilo. Mwanamume na mwanamke wanabishana juu yake: yule wa jiwe anamzuia mwenzake asikanyage hatari, au mwenzake ndiye aliyeona jambo la ajabu mbele? Ndipo anapotokea yule bwana mwembamba na kueleza, kwa adabu zote, kwamba ni Charles III na mkewe, basi. Mazungumzo yanakufa. Nje ya filamu spishi hii huitwa Mwenye Taarifa. Atakuambia kwamba hoteli si Marienbad bali ni majumba ya Nymphenburg na Schleissheim, Munich na kando yake. Kwamba nguo za Delphine Seyrig, aliyemwigiza mwanamke yule, ni za Chanel. Kwamba umbo la Hitchcock lililokatwa limesimamishwa gizani karibu na lifti. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linalomrudishia mwanamke yule kumbukumbu yake. Hata hivyo namsamehe kwa taarifa moja. Simamisha picha ya bustani uikague: watu wametupa vivuli virefu kwenye changarawe, na miti iliyochongwa kama piramidi haina kivuli hata kidogo. Vivuli vya watu vilichorwa kwa rangi.

Amebaki Msinziaji, aliyepata wakili mwaka 1978, kilipotoka kitabu cha filamu 50 mbovu kuliko zote na Marienbad ikawamo. Wengine hutaka afukuzwe kwenye jamii hii. Mimi nimemwacha, kwani wageni wa ile hoteli nao husimama wameganda kama sanamu, na hakuna aliyewafukuza. Vielelezo zaidi hupatikana mlangoni pa ukumbi wowote inapooneshwa. Mtafiti aende na kiberiti, na asikubali kuanza.