Sifa za Kinong'onezi

Mtangazaji akishapakwa poda, akafungwa tai na kumulikwa taa za kutosha kuanika mpunga, sifa zote huenda kwake. Hakuna anayemtajia mtazamaji kile kidude kilichojibanza nyuma ya sikio, na mrija wake wa plastiki uliojisokota kama kikono cha mboga ya maboga. Huko ni kumdhulumu mnyonge. Tai haijui habari inayofuata, kidude kinaijua.

Kiitwe kinong'onezi. Waingereza wa televisheni walizoea kukiita kifaa cha viziwi, nao hawakukosea sana, kwa kuwa anayekivaa huacha kumsikia aliye mbele yake. Ndani yake hupita sauti ya kipindi, mtayarishaji akibonyeza swichi, kipindi hufifia na amri huingia: "Malizia, sekunde kumi." Mgeni anayehojiwa huenda ni waziri, tena mwenye maneno mengi. Hata yeye huona haya kumkatiza mtangazaji katikati ya sentensi. Kinong'onezi hakina haya.

Kimewahi kufanya hata miujiza. Mwaka 1986, huko Marekani, mhubiri Peter Popoff alikuwa akiwataja wagonjwa kwa majina, anuani na maradhi yao, na umati ukilia kwa furaha. James Randi, mwanamazingaombwe aliyegeuka mfichua-hadaa, alikwenda na wenzake na redio ya kunasa mawimbi. Walichokisikia kwenye masafa ya megahezi 39.17 hakikuwa sauti ya malaika. Ilikuwa ya mkewe Popoff, akimsomea mumewe yale ambayo waumini wenyewe walikuwa wameyajaza kwenye kadi za maombi. Randi aliupeleka mkanda wa sauti hiyo kwenye kipindi cha Johnny Carson, na mwaka uliofuata mhubiri akatangaza kufilisika. Ikumbukwe, kwa haki, kwamba kifaa hakikuharibika hata dakika moja.

Hollywood nayo ilikitambua. Katika filamu ya Broadcast News ya mwaka 1987, mtu mmoja anakaa nyumbani akimpigia simu mtayarishaji, mtayarishaji anamnong'oneza mtangazaji, na mtangazaji anaonekana bingwa wa siasa za dunia. Akili ya kuazima, ila mshahara ni wa aliyeivaa.

Sifa yake kubwa zaidi ni kufundisha unyenyekevu. Ripota aliye mbali hupelekewa sauti ya kipindi kizima, ila yake mwenyewe iondolewe. Fundi mitambo akisahau kuiondoa, ripota hujisikia akirudiwa. Setilaiti inayotumika iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na safari ya kupanda na kushuka hula kama robo sekunde. Kwenda na kurudi ni nusu. Basi anasema "Rais amewasili," na akiwa katikati ya neno la pili, mwendawazimu mwenye sauti yake anaanza upya: "Rais ame..." Ulimi hujikunja. Msemaji hodari aliyeshinda mijadala tangu shule ya sekondari hugeuka mtoto anayejifunza silabi. Hakuna mhariri awezaye kumtuliza mtu kwa haraka namna ile.

Fumbo tamu liko kwenye kisanduku cha kiunoni, kinachopokea sauti kwa waya na kuipeleka sikioni. Tundu lake la pini tatu halina tofauti na la maikrofoni, wala waya wake. Katika mfumo wa kampuni ya RTS, pini ya 1 ni ya pamoja, ya 2 hubeba umeme wa volti 30 hivi pamoja na sauti inayoweza kukatizwa, na ya 3 hubeba kipindi kisichokatizwa. Aliyeuchomelea waya akizibadilisha pini ya 2 na ya 3, ukiufunga kwenye maikrofoni unafanya kazi bila kinyongo, kwani wimbi hugeuka kichwa chini na sikio halijui. Ukiufunga kwenye kisanduku, kimya. Waya ule ule! Fundi anaapa ni mzima, na ushahidi anao.

Kuna na muziki. Gari la matangazo likiwa na ethi yake na ukumbi ukiwa na yake, mkondo huzunguka kati ya ethi hizo mbili na kinong'onezi huimba mvumo wa hezi 50, noti moja tu, saa nzima. Transfoma ya kutenganisha ya uwiano wa 1:1, ikiwekwa kwenye waya wa sauti usiobeba umeme wa kisanduku, huunyamazisha. Wapo wanaoona wepesi kukata waya wa ethi kwenye plagi ya umeme. Hao humweka mtangazaji rehani: hitilafu ikitokea, umeme utatafuta njia nyingine, naye amevaa njia hiyo sikioni.

Hata hivyo, kinong'onezi kikinyamaza, msako wa hitilafu huanzia mbali kila mara, maana heshima ya fundi iko kwenye mitambo mikubwa. Mita hutolewa, waya hubadilishwa, kisanduku hufunguliwa, aliye kwenye gari hulaumiwa na kulaumu. Zikibaki dakika mbili, kijana wa kubeba nyaya huuchomoa mrija, huuinua kwenye taa, huona punje ya nta na tone la jasho vimeziba njia, huupuliza. Mrija ukirudishwa, sauti ya kwanza kusikika ni ya mwongozaji, akiuliza kwa nini tangu asubuhi hakuna anayemjibu.